Wasifu wa Taratibu, Aliyekuwa Akirudi Kesho Yake na Jibu

Ndugu, majirani, na ninyi mliokuja na magari yenu ya kazi mkayaegesha pale nje bila kuwasha king'ora, kama mwenyewe alivyoagiza: asanteni kwa kuja. Haya ni maisha ya kaka yetu kwa kadiri tulivyoweza kuyakusanya. Yanasomwa na mdogo wake wa kike, yule aliyemfuata ziwa. Mtamvumilia akisoma polepole. Mwenyewe hakupenda kuharakishwa, na kuna sehemu huko mbele ambazo zikisomwa haraka zitaharibika.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne kati ya sita. Baba alikuwa seremala na mama alifua mashuka ya hospitali. Hakuzaliwa nyumbani wala hospitalini; alizaliwa juu ya mkokoteni. Uchungu ulimshika mama saa nne asubuhi, baba akaazima mkokoteni wa kubebea mbao, akaukokota mwenyewe huku jirani akitembea ubavuni na mwavuli. Walikuwa wamefika kwenye kiwanda cha matofali mtoto alipolia. Mama alisimulia mpaka uzeeni kwamba baba, kwa kuchanganyikiwa, aliendelea kukimbia na mkokoteni hatua nyingine mia nzima, mpaka yeye mwenye kujifungua alipomwambia, "Baba watoto, simama, tumeshafika." Ndiyo maana kila alipoulizwa kazi ya kubeba wagonjwa aliianza lini, marehemu alijibu kwamba aliianza akiwa abiria.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, na sekondari hadi 1978. Hakuwa wa kwanza darasani, na njiani alikuwa wa mwisho kila siku. Jina alilipata akiwa na miaka kumi na mbili. Mwenzake alianguka kutoka juu ya ukuta wa shule, mkono ukavunjika. Darasa zima lilikimbia kwenda kumtazama. Yeye akaja nyuma kabisa, anatembea, lakini mkononi alikuwa na rula ya mbao ya mwalimu na sweta mbili alizozitwaa kwenye viti. Mwalimu wa zamu akasema, "Wa mwisho kufika, na ndiye pekee aliyekuja na kitu. Haya, Taratibu, funga." Akafunga. Tangu siku hiyo hata mama akawa anamwita hivyo.

Baada ya shule alifanya useremala na baba kwa miaka saba, akajifunza udereva, na mwaka 1985 akamaliza kozi ya wiki kumi na mbili ya huduma ya kwanza. Jumatatu, tarehe 2 Juni 1986, akaajiriwa kituo cha magari ya wagonjwa. Kituo kilikuwa chumba chenye mabenchi mawili, birika, ubao wa misumari ya kutundikia funguo, na kidirisha ambacho mpokea simu alitolea kichwa kutaja mahali pa kwenda. Miaka mitano aliendesha. Kisha akahamia nyuma ya gari akawa mhudumu, na usukani wa gari namba tatu ukachukuliwa na rafiki yake ambaye nyote mnamjua kwa jina la Kishindo. Walikaa pamoja miaka ishirini na tisa. Kishindo alikuwa akilalamika kwamba yeye huiba dakika kumi barabarani, halafu mwenzake anazirudisha zote kati ya mlango wa gari na mgonjwa.

Ni kweli hakukimbia. Gari likisimama alishuka, akavaa glavu akiwa amesimama, akatazama pande zote, ndipo akatembea. Alitukanwa sana kwa hilo. Kuna mama mmoja alimwambia mbele za watu kwamba anatembea kama bwana harusi aliyebadili mawazo. Yeye aliwafundisha wageni wa kazi hivi: ukikimbia, kila aliyesimama pale anaogopa mara mbili, na wewe mwenyewe unafika kwa mgonjwa ukiwa hujauona waya wa umeme ulioanguka.

Tena hakuacha mtu asimame tu kutazama. Wewe shika mwavuli. Wewe hesabu pumzi zake kwa sauti. Wewe zuia magari. Wewe, mzee, mwite jina lake, usinyamaze. Aliamini kwamba mtu aliyepewa kitu cha kufanya hurudi nyumbani akalala, na aliyetazama tu halali. Wengi wenu hapa mmewahi kushikishwa chupa ya maji ya dripu na kaka yetu, mkasimama kama nguzo mpaka mkono ukafa ganzi.

Na kulikuwa na jambo la kurudi. Alikuwa akisema, "Sisi tunaondoka na king'ora, wao wanabaki na kiatu." Maana ajali huacha kiatu. Gari likishaondoka, watu wa pale wanabaki wanakitazama, hawajui wakipeleke wapi wala mwenyewe amefikia wapi. Basi zamu ikiisha, au kesho yake, alikwenda mahali pale kwa miguu, akamtafuta aliyeshika mwavuli na aliyehesabu pumzi, akawapa jibu. Amefungwa mguu, anakula. Au: alifariki saa nane, mkewe alikuwa naye. Hakupamba wala hakupunguza. Hakuna aliyemtuma, na hakulipwa hata nauli. Muuza magazeti mmoja alimwambia, "Ahaa, mimi nilidhani mnawapeleka watu mwezini, maana mkishawachukua hatuwasikii tena." Kiatu alikibeba yeye, akakifikisha.

Mke wake alikuwa sauti kabla ya kuwa mtu. Yeye ndiye aliyekuwa mpokea simu zamu ya mchana, na kwa sababu ya kupishana kwa zamu na kuhamishwa kwa ofisi ya simu kwenda ghorofa ya juu, kwa miezi saba walizungumza kwenye redio tu. Yeye aliamini dereva wa namba tatu ni mzee anayesubiri kustaafu, kwa jinsi anavyozungumza. Marehemu naye aliamini mwenye sauti ile ni mama mtu mzima mwenye wajukuu. Redio ilipoharibika akapanda ngazi kuuliza anwani. Mwanamke akamtazama, akasema, "Kumbe kijana." Naye akajibu, "Kumbe hukai ndani ya redio." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Septemba 1990. Maisha yao yote yeye alimwita mkewe Kituo, na mkewe alimwita Tatu. Walijaliwa watoto watatu, wasichana wawili na mvulana.

Tusidanganyane kwamba kazi haikumla. Viatu vyake vya kazi havikuingia ndani. Aliviacha kwenye kibaraza, na watoto walijifunza kuvisoma. Vikiwa vimetazama njia, baba anaweza kusaidia hesabu. Vikiwa vimetazama ukuta, mpishe. Mwenyewe hakujua kama kuna siku anavigeuza. Aliosha mikono hadi viwikoni, mara tatu, kisha akakaa na taulo mapajani kama mtu anayesubiri kuitwa. Alimsindikiza binti yake mkubwa shuleni mpaka msichana akawa na miaka kumi na sita, akitembea nyuma yake upande wa magari, na binti akimwomba, kwa heshima zote, basi angalau avuke upande mwingine wa barabara. Na nyumbani walikuwa na sheria, yeye na mkewe, waliyoiweka wakiwa wachumba: mambo ya barabarani hayavuki mlango. Ilikuwa sheria nzuri. Sasa tunajua iliwagharimu nini.

Hapa tunafika tarehe 9 Oktoba 2007. Sehemu hii inasomwa kwa ruhusa ya mwenyewe anayehusika, ambaye ameisikiliza mara mbili jikoni kwetu juzi, akafuta mstari mmoja, akasema yaliyobaki yasomwe.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri. Msichana wa miaka minane aliyekuwa akitoka shule aligongwa na lori la mchanga mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Kwenye baraza la duka lile alikuwa na cherehani yake fundi mmoja, mwanamke wa miaka thelathini na moja. Mtoto yule alizoea kupita kwake kila siku kuomba vipande vya kitambaa vya kumvika mwanasesere. Gari namba tatu lilipofika, fundi alikuwa amepiga magoti barabarani, anapiga kelele isiyo na maneno. Taratibu akashuka, akavaa glavu, akatazama, akatembea. Alipoinama, alijua. Kifua cha mtoto kilikuwa kimeumia kwa namna ambayo alikuwa ameiona mara nyingi, na hakuwahi kuona mtu akiamka nayo. Lakini mtoto alikuwa bado anapumua. Basi akafanya alichozoea kufanya: akamgeukia aliyekuwa akipiga kelele, akampa kazi. Akaichukua mikono yake, akaiweka pande zote mbili za kichwa cha mtoto, akamwambia, "Shika hivi, dada. Usiachie mpaka nikuambie."

Kelele ikakatika papo hapo.

Fundi akashika. Akashika mtoto akiwekwa kwenye machela, akashika akipandishwa, akaingia naye ndani ya gari amejikunja, hajaachia. Walipofika kwenye mzunguko wa barabara, mtoto aliacha kupumua. Taratibu akajaribu yote yanayojaribiwa, akajua ameshaondoka. Hakusema. Fundi akaendelea kushika. Kwenye tuta la lango la hospitali gari likaruka, fundi akaachia mkono mmoja kushika benchi asianguke. Alipourudisha mkono, ndipo akautazama uso wa mtoto.

Mlangoni nesi aliitoa mikono yake, kidole kimoja kimoja. Simu nyingine ilikuwa imeshaingia, na Taratibu akarudi garini. Lile neno alilomwambia angoje kuambiwa, hakuambiwa. Hakuna aliyemuuliza atarudije nyumbani. Alirudi kwa miguu, kilomita nne.

Kesho yake kaka yetu alikwenda na jibu, kama kawaida. Fundi alikuwa ameketi nyuma ya cherehani, mikono juu ya meza, hashoni. Hata hajasalimiwa akasema, "Niliachia, kaka. Uliniambia nisiachie, nikaachia." Taratibu akamwambia si yeye. Fundi akamuuliza, kwa nini si mimi?

Jibu lilikuwa fupi. Ilimpasa aseme kwamba mkono ulipoachia, mtoto alikuwa ameshakufa tangu kwenye mzunguko. Lakini kusema hivyo ni kusema pia kwamba kutoka pale hadi langoni alimwacha mtu ashike kichwa cha maiti, kwa sababu hakutaka kelele zianze tena ndani ya gari. Na kwamba hata mwanzo alimpa kazi ile ili anyamaze. Kulikuwa na wateja wawili barazani. Alitazama mikono ile. Akasema atarudi waongee vizuri, akaondoka. Aliporudi, siku tisa baadaye, alikuta baraza tupu na alama nne za miguu ya cherehani kwenye saruji. Mwenye duka hakujua fundi amehamia wapi.

Aliuliza mwaka mzima, kisha akaacha. Alikiri mwenyewe kwamba hakuacha kwa kukosa pa kuuliza. Aliacha kwa kuogopa kumpata.

Mwishoni mwa mwezi ule ule wa Oktoba alimletea mdogo wake huyu cherehani ya mkewe, akaiweka juu ya meza, akasema nyumba yao imekuwa ndogo, tuwahifadhie kwa muda. Muda huo ulikuwa miaka kumi na saba. Wifi alikuwa akija kwetu kushona sare za watoto, na tulicheka sana sisi wawili juu ya wanaume na nafasi zao za kabati. Hatukujua kwamba kaka hawezi kuisikia ikizunguka. Jirani yao alipoanza kushona mapazia, marehemu alichukua kiti akaenda kukaa nyuma ya tangi la maji mpaka jirani akamaliza, siku nne. Kazini aliendelea kama zamani, aliendelea kurudi kwa watu na majibu, kasoro jambo moja ambalo Kishindo ndiye aliyeligundua. Hakusema tena "mpaka nikuambie." Alisema, "Shika, na ukichoka sema."

Alistaafu tarehe 31 Machi 2021, akapewa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Alilala wakati wa hotuba.

Agosti 2024 miguu ilianza kuvimba, kisha pumzi ikawa inamkatikia akipanda ngazi tatu za kibarazani. Daktari alisema moyo umepanuka na umechoka. Jumapili, tarehe 12 Januari 2025, hali ilizidi, tukaita gari. Wahudumu wawili waliingia mbio, wakagonga meza, wakamwaga chai. Akiwa amekaa kitandani, midomo ya bluu, alisema kwa pumzi aliyokuwa nayo, "Wanangu, tembeeni. Sijafa." Wamo humu leo. Safari hii waliingia wakitembea.

Wodini, wiki ya kwanza, alivunja sheria ya mlango. Alimweleza mkewe habari ya fundi cherehani tangu mwanzo. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, akamkunjia shuka, kisha akasema, "Simu ile niliipokea mimi, Tatu." Alikuwa ameiandika kwenye daftari: saa kumi na dakika kumi na mbili, mtoto wa kike, lori la mchanga. Nyuma ya sauti ya mpiga simu alimsikia mwanamke anapiga kelele, akaisikia kelele hiyo kwa miaka, kila birika lilipoanza kuchemka. Hakuwahi kujua mtoto aliishia wapi, na hakuuliza, kwa sababu ya sheria. Watu wawili wamelala kitanda kimoja miaka kumi na saba, kila mmoja na nusu yake ya siku ile.

Yeye ndiye aliyesema fundi atafutwe. Marehemu aliogopa. Alisema fundi labda ameshasahau, tutamkumbusha bure. Mkewe akamuuliza, "Wewe umesahau?" Hapo akamwita Kishindo.

Kishindo hakuwa na jina kamili wala picha. Alichokuwa nacho ni suruali. Aliichana gotini kwa kisu, akaanza kuzunguka kwa mafundi wote wa mji, na kila mmoja akishona yeye anauliza habari za mwenzao aliyekuwa akikaa baraza la duka la vifaa vya ujenzi. Jioni anaichana tena. Mpaka wiki ya tatu suruali ilikuwa na viraka kumi na kimoja vya mikono kumi na mmoja, na mkewe alikataa kutoka naye. Fundi wa kumi na moja akamwambia kwamba vifungo na nyuzi ananunua kwa mama mmoja katika mji wa pili, mwendo wa saa tatu kwa basi, ambaye zamani alishona lakini siku hizi anauza tu, hagusi sindano. Kishindo akaenda. Yule mama alitazama goti kabla ya kutazama uso, akasema aliyefanya kazi ile anastahili kukamatwa. Kishindo akamwambia ametoka wapi na ametumwa na nani. Anasema mama yule alifunga duka bila kuuliza neno la pili.

Fundi alifika wodini Ijumaa, tarehe 7 Februari 2025, saa sita mchana. Mke wa marehemu alikuwepo, na mdogo wake huyu anayesoma. Tulitaka kutoka, fundi akasema tubaki. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, pochi mapajani, mikono juu ya pochi. Ilikuwa inatetemeka kidogo, na ndiyo sababu aliacha kushona.

Taratibu alimwambia yote. Ilichukua muda kwa sababu ya pumzi. Alimwambia kwamba alipoinama barabarani alijua. Alimwambia kuhusu mzunguko wa barabara, kuhusu tuta, na kwamba kati ya hapo na hapo alimwacha ashike bure. "Ulipoachia, alikuwa ameshaondoka. Hukumuua, dada. Mimi nilijua siku ile ile, na nilijua uliponiuliza pale barazani."

Fundi hakulia. Aliuliza, "Kwa hiyo mimi nilishika nini?"

Tulidhani atampa neno la kumfariji, maana alikuwa anakufa na angeweza kusema lolote. Alifumba macho kwanza. "Pale barabarani ulishika mtoto aliye hai. Mimi nilimpa dakika mbili. Alikaa sita. Zile nne sijui zilitoka wapi. Huenda ni wewe, huenda siyo. Sijui, na sitakudanganya tena."

"Ungeniambia," fundi akasema.

"Ningekuambia."

"Miaka kumi na saba sijashona nguo. Nina wajukuu wananunuliwa nguo dukani."

Kaka yetu alinyoosha mkono wake, ule uliokuwa na bomba, akauweka juu ya mikono ile iliyokuwa kwenye pochi. "Nilisahau kukuambia," akasema. "Achia, dada. Achia sasa."

Fundi akautoa mkono wa marehemu, akaurudisha juu ya shuka, bila ukali, akasimama akaondoka. Hakuaga. Wifi alimfuata mpaka kituo cha basi, wakasimama pale pamoja, na wifi anasema hawakuzungumza chochote ila fundi aliuliza kama mumewe analala. Akamwambia halali. Fundi akasema, "Mimi pia." Basi likaja.

Hatukumwona fundi tena marehemu akiwa hai. Marehemu mwenyewe hakuuliza kama amesamehewa. Usiku ule, nesi anasema, alilala saa sita mfululizo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alazwe.

Alifariki Alhamisi, tarehe 20 Februari 2025, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tatu na miezi kumi na moja. Mkewe na binti yake mkubwa walikuwa naye. Tungependa kuandika kwamba aliondoka kwa utulivu. Hakuondoka kwa utulivu. Alitafuta pumzi kwa muda mrefu, na iliuma kumtazama. Tunaandika hivyo kwa sababu yeye aliwapa watu majibu jinsi yalivyokuwa, na mara moja tu aliyoshindwa kufanya hivyo mmeisikia. Binti yake alimpigia Kishindo, na Kishindo, bila kuambiwa na mtu, alipanda basi, mwendo ule wa saa tatu, kwenda kutoa jibu katika duka la vifungo.

Marehemu ameacha mke mmoja, watoto watatu, wajukuu wanne, dada watatu, kaka mmoja, na rafiki mwenye suruali moja isiyofaa tena. Ameacha pia watu ambao hatuwezi kuwaandika wote, waliowahi kushika mwavuli, chupa, taa na mikono ya wasiowajua kando ya barabara, kisha wakarudi nyumbani peke yao. Kama mmoja wao ni wewe, na hukuwahi kupewa jibu, kaa na sisi baada ya maziko. Mke wa marehemu anayo madaftari ya simu. Atakutafutia.

Fundi cherehani yupo hapa. Alifika juzi, akasikiliza karatasi hii, akafuta mstari wake mmoja, kisha akasema ana ombi. Tulipodhani ataomba tusiisome, aliomba kamba. Kwa hiyo leo, wakati wa kuteremsha jeneza, yeye atashika upande wa kichwa. Kishindo atakuwa mkabala naye, na ameapa, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwenda polepole. Wifi atasimama ubavuni mwa fundi. Mikono itatetemeka, nasi tunaomba asiwepo wa kumpokea kamba. Jeneza likishafika chini, wifi atamwambia aachie.

Lala, kaka, kwa amani. Umefika kwa mwendo wako.